Majani ya rasiberi, ya rasiberi pori au ya mpera: uchague yapi kwa tatizo lipi

Anayeulizia majani ya rasiberi Arusha au Moshi mara nyingi ana shida moja kati ya tatu: tumbo linamwendesha, hedhi inamtesa, au mimba imeshakuwa kubwa na jirani amemwambia chai hii hurahisisha kujifungua. Kwa shida ya kwanza, mpera ulioko uani unatosha, na umefanyiwa utafiti zaidi kuliko rasiberi. Kwa ya pili, rasiberi inafaa lakini ina washindani wawili wanaopatikana kirahisi. Kwa ya tatu, usianze kunywa jani lolote kati ya haya kabla ya kuongea na mkunga wa kliniki. Sababu za hilo la tatu tumezieleza kwa kirefu, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Mimea inayolinganishwa ni mitatu. Rasiberi ya bustani (Rubus idaeus) ndiyo inayopandwa kwa ajili ya matunda, asili yake Ulaya na Asia ya kaskazini. Rasiberi pori ni jina la jumla la ndugu zake wanaoota pembezoni mwa misitu ya Meru na Kilimanjaro, kama Rubus steudneri na Rubus pinnatus. Mpera (Psidium guajava) hauna undugu wowote na hizo mbili. Tumeuingiza kwa sababu kinachofanya kazi zaidi katika majani yote haya ni kilekile: tanini, kitu kinacholeta ukakasi mdomoni. Tanini hushikana na protini za juu ya utando wa mdomo au wa utumbo na kuukaza, hivyo maji hupungua kuvuja na muwasho hutulia. Tafuna jani bichi la mpera, usikie ulimi unavyovutika. Hicho ndicho watu wanachokifuata wanaponunua majani ya rasiberi kwa bei ya juu.

| | Rasiberi ya bustani | Rasiberi pori | Mpera |
|---|---|---|---|
| Panapoota | Miinuko yenye baridi: Ngaramtoni, Ilboru juu, Machame, Kibosho, Marangu | Kingo za msitu, makorongo yenye unyevu | Karibu kila ua, hata Moshi mjini penye joto |
| Sehemu inayotumika | Majani makavu | Majani. Kijadi na mizizi | Majani machanga, mabichi au makavu |
| Kipimo cha mtu mzima | Gramu 1.5 hadi 8 kwa mililita 150 za maji, mara 3 kwa siku | Hakuna kipimo cha kuaminika | Majani 5 au 6 kwa nusu lita, kikombe kidogo mara 3 kwa siku |
| Ladha | Laini, karibu na chai nyeusi, haina kafeini | Kali, chungu kiasi | Kakasi sana, harufu nzito |

Kwanza uhakikishe ni mmea wenyewe

Rasiberi ya bustani ina jani lililogawanyika vijani 3 hadi 7, kingo zake kama meno ya msumeno, juu kijani na chini jeupe lenye manyoya laini kama pamba. Miba yake ni midogo na myembamba. Tunda likiiva huchomoka kwa kuvutwa kidogo, likaacha kiini chake kwenye tawi na lenyewe kubaki na shimo katikati.

Weupe wa chini peke yake hautoshi kukuhakikishia. Rubus steudneri nayo ina weupe, lakini vijani vyake ni 3 na miba yake ni mikubwa, imejikunja, inararua nguo. Rubus pinnatus ina vijani vingi zaidi, na chini yake ni kijani. Kuna pia Rubus niveus, iliyoletwa kutoka Asia na sasa imesambaa ovyo nyanda za juu za Afrika Mashariki: mashina yake yana unga mweupe kama yamepakwa chokaa na tunda lake huwa jeusi. Zote hizi ni za ukoo mmoja, na tunda la yeyote kati yao halidhuru. Tatizo ni kwamba nguvu ya majani haifanani, kwa hiyo kipimo cha rasiberi ya bustani huwezi kukihamishia kwenye rasiberi pori ukadhani umepima.

Kosa la hatari zaidi ni kuchuma lantana. Nayo ina vijiba, huota kichakani kwenye kingo zilezile, na matunda yake meusi hukaa kwa mafungu. Angalia majani: ya lantana ni jani moja moja lisilogawanyika, yamepangwa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, na ukiyasugua yanatoa harufu kali. Majani ya rasiberi hayatazamani, hupishana kushoto na kulia. Lantana ina sumu inayodhuru ini. Ukiwa na shaka, kata tawi lenye majani na ua au tunda, ulikandamize kati ya magazeti, ulipeleke Hifadhi ya Taifa ya Mimea Mikavu iliyoko Ngaramtoni, kwenye eneo la iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kutambua mimea ndiyo kazi yao.

Mforosadi watu huuchanganya na rasiberi kwa sababu ya tunda tu. Huo ni mti mzima, hauna miba, na majani yake yanajulikana zaidi kwa habari za sukari kuliko tumbo. Rozela nayo, ile ya kinywaji chekundu, haiwezi kuchukua nafasi ya rasiberi: haina ukakasi wa kutosha, hushusha shinikizo la damu, na mjamzito anashauriwa aiepuke.

Tumbo la kuendesha: mpera

Kabla ya jani lolote, maji na chumvi. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, au nyumbani vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita hiyohiyo. Mtoto anayeharisha apewe ORS na vidonge vya zinki: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo, kwa siku 10 hadi 14. Chai za majani haya si za watoto wadogo. Tanini hupunguza kuvuja kwa maji lakini hairudishi yaliyokwisha kutoka, na mtoto huuawa na kukauka maji.

Kwa mtu mzima mwenye tumbo la kawaida, chuma majani 5 au 6 machanga ya mpera, yale ya karibu na ncha ya tawi, yasiyo na madoa. Osha, pasua kwa mkono, tia kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, funika, yachemke kwa moto mdogo dakika 10. Epua, chuja, kunywa mililita 150 ikiwa vuguvugu, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili. Tumbo likitulia mapema, acha papo hapo. Anayeendelea kunywa "kumalizia dawa" huishia kufunga choo.

Majani ya rasiberi nayo yanafaa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inayakubali kwa kuhara kwepesi, kwa msingi wa kutumika kwa miaka mingi. Hayachemshwi, hulowekwa: mimina mililita 150 za maji yaliyochemka juu ya gramu 3 hadi 5 za majani makavu, funika dakika 15, chuja. Tofauti ni kwamba majani ya mpera yamejaribiwa kwa wagonjwa wenyewe. Huko Mexico dondoo yake iliyopimwa ilipunguza muda wa maumivu ya tumbo kwa watu wazima wenye kuhara kwa ghafla. Rasiberi haina jaribio kama hilo. Ukiwa na mpera uani na pakiti ya rasiberi dukani, fedha yako ibaki mfukoni.

Makosa yanayoharibu kazi ni machache na yanajulikana. La kwanza ni maziwa. Tanini hushikana na protini za maziwa ndani ya kikombe, ikafika tumboni imeshachoka. La pili ni sukari nyingi, ambayo huvuta maji kwenda kwenye utumbo na kuongeza kuhara. La tatu ni kuchemsha majani ya mpera mpaka maji yawe meusi mazito: kichefuchefu huja kabla ya nafuu. Na mwenye kisukari anayetumia dawa ajue kwamba majani ya mpera yanashusha sukari baada ya mlo. Huko Japani chai yake huuzwa kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo mbili zikikutana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Rasiberi pori hapa ina historia yake. Katika nyanda nyingi za Afrika watu wamechemsha mizizi ya ndugu hawa wa rasiberi kwa kuhara, na kwa sababu ya wingi wa tanini kuna mantiki ndani yake. Hatuishauri kwa mambo mawili. Kuchimba mzizi ni kuua shina zima, na maeneo mengi zinakoota ni ndani ya hifadhi za taifa za Kilimanjaro na Arusha, ambako kuchimba mimea hakuruhusiwi. Pili, mzizi una nguvu kuliko jani kwa kiasi kisichopimwa, na tumbo la mgonjwa si mahali pa kukisia.

Kuhara kwenye damu, homa, macho yaliyoingia ndani, au choo cheupe kama maji ya mchele hakutibiwi kwa jani lolote. Hiyo ni hospitali, saa hiyohiyo.

Mdomo na koo: rasiberi inaongoza kidogo

Kwa fizi zinazovuja damu, vidonda vidogo vya mdomo na koo linalowasha, rasiberi ya bustani na mpera zote zinafanya kazi, ila rasiberi inavumilika zaidi kusukutua mara kwa mara. Loweka gramu 5 kwa mililita 150 dakika 15, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, acha ipoe. Sukutua nusu dakika kisha tema, mara tatu au nne kwa siku, usizidishe wiki moja.

Kitambaa ni muhimu. Manyoya meupe ya chini ya jani hupita kwenye chujio la kawaida la chai na kuwasha koo, na mtu hudhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa yenyewe. Andaa mpya kila siku. Ya jana iliyolala mezani ina vijidudu. Kidonda cha mdomo kinachozidi wiki 3 kionwe na daktari wa meno hata kama hakiumi.

Maumivu ya hedhi

Hapa rasiberi ya bustani ina heshima yake ya kweli. Kulegeza mikazo midogo ya tumbo wakati wa hedhi ni matumizi mengine ambayo mamlaka ya Ulaya inayatambua kwa mapokeo. Kipimo ni kilekile, gramu 1.5 hadi 8 kwa kikombe mara tatu kwa siku. Anza na gramu 2 kuanzia siku moja kabla ya hedhi kama unajua tarehe zako, ongeza ukiona tumbo linaipokea. Anayesubiri maumivu yapande kileleni ndipo aanze kuloweka huwa amechelewa. Kwa wasichana walio chini ya miaka 18 haipendekezwi, kwa kuwa usalama wake kwao haujachunguzwa vya kutosha.

Lakini tangawizi ina ushahidi mzito zaidi. Unga wa tangawizi miligramu 250, mara nne kwa siku, kwa siku 3 za mwanzo za hedhi, umelinganishwa moja kwa moja na ibuprofeni na nafuu ikafanana. Hiyo ni gramu moja tu kwa siku nzima, takriban nusu kijiko kidogo cha chai. Jani la mpera nalo limejaribiwa kwa hedhi huko Mexico na lilipunguza maumivu, ila walitumia dondoo ya kiwanda iliyopimwa dawa yake kwa miligramu, ambayo sufuria ya nyumbani haiwezi kuiga.

Kwa hiyo tungepanga hivi: tangawizi kwanza, rasiberi kwa ambaye tangawizi inamchoma tumbo au anayependa kikombe laini cha kunywa mfululizo, mpera mwisho. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, yanayokufanya ukose kazi au shule, au yanayokuja pamoja na damu nyingi isiyo ya kawaida, yanahitaji uchunguzi. Huenda ni uvimbe, na chai itakuwa inakuchelewesha tu.

Mimba na kujifungua

Hii ndiyo sifa kubwa ya jani la rasiberi duniani, na ndiyo yenye msingi dhaifu kuliko sifa zake zote. Wakunga wa Uingereza wameitumia kwa vizazi. Mwaka 1941 watafiti wa huko walionyesha kwamba dondoo ya majani hulegeza misuli ya mfuko wa uzazi wa wanyama. Majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yanayogongana: mahali pengine misuli ililegea, pengine ilikaza, kutegemea ni mnyama gani na kama ana mimba.

Jaribio linalotajwa zaidi kwa binadamu lilifanyika Australia, likachapishwa mwaka 2001. Wanawake 192 wa mimba ya kwanza wasio na matatizo walishiriki. Kundi moja lilipewa vidonge vya majani ya rasiberi gramu 1.2 mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya 32, lingine vidonge bandia. Hatua ya kwanza ya uchungu haikufupika hata kidogo. Hatua ya pili, ya kusukuma, ilikuwa fupi kwa wastani wa dakika kama 10. Waliozalishwa kwa koleo walikuwa asilimia 19.3 upande wa rasiberi na 30.4 upande wa pili, tofauti ambayo kwa idadi ndogo hiyo ya washiriki haitoshi kuwa uthibitisho. Madhara makubwa kwa mama au mtoto hayakuonekana. Hayo ndiyo yaliyopo: dakika 10 za kusukuma, na si "kujifungua bila uchungu" kunakoahidiwa mitaani.

Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya iliyokubali rasiberi kwa tumbo, mdomo na hedhi haikuiweka kujifungua kwenye orodha, na inasema isitumike wakati wa mimba kwa sababu taarifa za usalama hazitoshi. Mkunga anayekuruhusu baada ya wiki ya 32 anafanya hivyo kwa kukujua wewe na mimba yako, na ndiyo maana ruhusa ya jirani yako haiwezi kuwa yako.

Wapo wasiopaswa kabisa kuinywa katika mimba: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kujifungua au wa mfuko wa uzazi, mwenye mapacha, aliyetoka damu, mwenye shinikizo la juu, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, mwenye mtoto aliyekaa vibaya au kondo lililo chini. Mwenye kisukari cha mimba anayechoma insulini naye asiiguse. Imewahi kuripotiwa mama wa aina hiyo sukari yake ikishuka vibaya baada ya kuanza chai hii. Miezi mitatu ya kwanza ni marufuku kwa kila mmoja.

Na kuna jambo ambalo hapa kwetu ni zito kuliko yote. Wajawazito wengi hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa sababu upungufu wa damu ni hatari kubwa wakati wa kujifungua. Tanini hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Anayemeza kidonge chake kwa kikombe cha rasiberi, au cha mpera, au cha chai ya rangi, anatupa kidonge. Acha saa 2 kati ya kidonge na kikombe, na mlo wenye maharage au nyama vilevile. Kama damu yako ilipimwa ikaonekana ni pungufu, weka kando chai zote za ukakasi mpaka ipande.

Rasiberi pori na mpera havina nafasi hapa. Vivyo hivyo mchanganyiko wowote unaouzwa "kuongeza uchungu". Mikazo mikali isiyodhibitiwa inaweza kupasua mfuko wa uzazi, na mtoto anaweza kukosa hewa kabla hamjafika wodini. Kama ulikunywa kitu chochote kabla ya kwenda kujifungua, mwambie nesi anayekupokea ni nini na saa ngapi. Akijua, atachagua dawa za kuongeza uchungu kwa uangalifu zaidi. Hakuna aibu yoyote katika kusema.

Tunda nalo

Kwa ufupi: gramu 100 za rasiberi zina vitamini C kama miligramu 26 na nyuzinyuzi gramu 6.5. Pera la uzito huohuo lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5. Kwa vitamini C, pera linashinda mbali. Ulaya ya mashariki hutia jamu ya rasiberi kwenye chai ya moto mtu akiwa na homa ili atoke jasho, jambo linalofariji ingawa haliponyi. Siki ya rasiberi kwa koo ni dawa ya zamani na ni rahisi: matunda nusu kilo yaliyopondwa ndani ya lita moja ya siki, yakae wiki moja kwenye chupa ya kioo, uchuje, utie sukari au asali, unywe vijiko viwili vidogo kwenye maji vuguvugu. Yenye asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Vidonge vya "ketoni ya rasiberi" vya kupunguza unene havihusiani na chai hii. Ketoni hiyo hutengenezwa maabara kwa sehemu kubwa, na haijathibitishwa kupunguza uzito wa watu.

Kuvuna, kukausha na maji ya kutumia

Majani ya rasiberi huvunwa kabla mmea haujatoa maua, kutoka kwenye mashina ya mwaka huo, asubuhi baada ya umande kukauka. Yatandaze tabaka moja kwenye wavu au kitambaa, kivulini penye upepo. Juani hupauka na kupoteza harufu. Kilo moja ya mabichi hutoa takriban gramu 200 hadi 250 za makavu. Yamekauka pale jani linapovunjika kwa mlio na kikonyo kinapokatika badala ya kupinda.

Januari na Februari kazi hii ni nyepesi. Juni hadi Agosti, mawingu yakilala juu ya Meru na Kilimanjaro siku nzima, majani hubaki nusu makavu na ukungu huingia kutoka upande wa chini wenye manyoya, ambako hauonekani haraka. Kipindi hicho yamalizie karibu na jiko lenye joto dogo, mkono ukiweza kukaa bila kuungua. Yakitoa harufu ya chumba kilichofungiwa, mwaga yote. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu. Yaliyokauka vizuri hukaa mwaka mmoja kwenye chupa au kopo lililofungwa, gizani.

Upime kwa mzani wa jikoni ikiwezekana. Majani haya ni mepesi na yamefura, kijiko kikubwa kilichojaa hukaribia gramu 2 tu, na yaliyosagwa sana huzidi hapo. Ndiyo maana "kijiko kimoja" cha mtu mmoja huwa mara mbili ya mwenzake.

Kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, mpera mara nyingi umesimama katikati ya kahawa, na kahawa hupigwa dawa za shaba dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Dawa hupeperuka. Chuma kwenye mti ulio mbali na kahawa na mboga zinazopuliziwa, na usichume palipo na madoa ya kibuluu yanayofanana na mrututu.

Kwa wanaoishi miteremko ya Meru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji yenyewe ni suala. Vyanzo vingi vya huko vina floridi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kila maji yanapopungua sufuriani, floridi iliyobaki huwa kali zaidi. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au ya chanzo kilichopimwa, na pendelea kuloweka kuliko kuchemsha kwa muda mrefu.

Kununua au kupanda

Pakiti nzuri ina majani yanayoonekana kuwa majani: kijani juu, rangi ya fedha chini, vipande vinavyoshikana kama sufi kwa sababu ya manyoya. Iwe na jina Rubus idaeus, tarehe ya kufungwa na uzito. Unga wa kahawia usioonyesha chochote unaweza kuwa jani lolote. Ukinunua kwa tabibu wa tiba asili, muulize cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002.

Kwa mwenye shamba dogo juu ya mita 1,400 hivi, kupanda ni nafuu zaidi. Chagua aina zinazozaa kwenye mashina ya mwaka huohuo, kama Heritage au Autumn Bliss, kwa kuwa hazidai baridi kali kama nyingine. Moshi mjini, kwenye mita zisizofika 1,000, mmea hudumaa na matunda huwa madogo, hivyo huko bakia na mpera. Udongo usituamishe maji: rasiberi iliyosimama kwenye tope la masika huoza mizizi, majani yakageuka manjano kuanzia chini, na hakuna mbolea itakayoirudisha. Panda kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 30, nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche, weka majani makavu ya migomba juu ya udongo. Mwaka wa kwanza usivune majani kabisa. Kuanzia wa pili, usichukue zaidi ya theluthi moja ya majani ya shina kwa mara moja, la sivyo matunda ya msimu huo utayakosa.